Shangazi, Mama Ameisugua Kamera kwa Majivu

Shangazi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikasubiri uitikie marahaba. Mtu mzima mimi, nimeshika kalamu nakusubiri! Ndivyo nilivyo tangu Ijumaa ile. Kichwa hakijakubali.

Maana wewe hukuumwa. Ulikuwa umekaa mkekani ukichambua mchele, unanisimulia yule bibi harusi wa Dunda aliyefumba macho kwenye picha zote, unacheka mpaka unajishika mbavu. Ukasema, "Rukia, nipatie maji." Nikaenda mtungini. Narudi, ungo umepinduka, mchele umemwagika, nawe umeshakwenda. Nikasimama na kikombe. Unajua nilifanya nini? Nikayanywa yale maji. Mpaka leo sijui kwa nini. Nikayanywa yote, ndipo nikapiga yowe.

Basi tumekuzika, tumekaa matanga, watu wamejaa mpaka barazani. Lakini lililonifanya nikuandikie ni jingine, na ungekuwa hai lingekuua.

Mama ameisugua kamera yako. Kwa majivu!

Ndiyo, wifi yako huyo huyo. Wageni wa khitma walikuwa njiani, naye unamjua, hawezi kulia mikono ikiwa mitupu. Akakusanya chemni za taa za nyumba nzima akazisugua kwa jivu na kitambaa, kama kawaida yake. Zilipokwisha akaangaza huku na huku, akaiona kamera rafuni, kioo cha mbele kimeshika vumbi. Akaona aibu kitu cha wifi yake kionekane kichafu mbele za watu. Akachota jivu la mafigani, lile lenye mchanga, akasugua. Akasugua kwa mapenzi yake yote, Shangazi. Halafu akaniita nije nione inavyometa.

Niliketi chini palepale. Kioo kimekuwa cheupe, unadhani kina mtoto wa jicho. Mama ananitazama anatabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike, ananiambia, "Wifi angefurahi."

Nikamfikiria Zuhura wa Kaole. Mama yake alipokuja kuhani alinishika mkono akaninong'oneza, Jumapili nani atampiga picha bibi harusi? Mpiga picha mwanamume hakanyagi chumba cha wanawake, na mwanamke mwenye kamera mji huu ulikuwa wewe tu. Nami nikamwambia, nitakuja mimi. Nimeahidi kwa jina lako, na kamera yenyewe ndiyo hiyo moja! Bila hiyo kamera mimi nitakuwa nani? Kazi yako ingeishia jikoni, ndani ya kopo la majivu.

Ndipo nikaikumbuka miwani.

Mama mwenyewe ndiye aliyeipa jina hilo, siku tuliyorudi Dar es Salaam na ile filta, kioo cha kuifunika lenzi. Alikutania, "Wifi, kamera nayo imezeeka mpaka unaivisha miwani?" Ukacheka, ukamwambia maneno yako siyaandiki hapa.

Lakini safari ile, Shangazi! Filta ya kwanza tulikuwa tumeshaitupa, pete yake ilishikwa na chumvi ya upepo wa Kaole, ikaganda kwenye kamera, hata tukampelekea sonara aikate. Muuzaji akakuletea nyingine ya namna ileile, "Nyepesi, Mama, ya kisasa." Ukaipima mkononi ukamrudishia: "Hii sufuria, itaganda tena. Mimi nataka shaba." Akatandaza za shaba. Ukazielekeza moja moja dirishani, unazipindapinda, unatazama nondo za dirisha. Nondo ikionekana imepinda, kioo hicho unakisukuma pembeni. Mimi nikadhani tumemaliza. Kumbe bado! Ukatoa mrashi kwenye kikapu, ukavinyunyizia marashi vioo vya watu, juu ya meza ya watu. Yule bwana akaruka, "Mama, unafanya nini?" Ukamwambia, "Ninapopiga picha mimi, hunyesha haya." Ukasubiri yakauke, ukafuta. Vingine vikabaki na madoa yasiyotoka. Kimoja, kinene, kikatakata. Nami nilikuwa nimejifunika mtandio mpaka puani kwa aibu.

Basi nikaingia na kamera chumbani kwako, nikafunga mlango. Nikasema Bismillahi, nikaishika ile pete ya shaba, nikazungusha. Ikazunguka, Shangazi. Haikukwama hata kidogo, ikatoka mkononi mwangu, na nyuma yake lenzi nzima, haina hata mkwaruzo! Niliuona uso wangu mdogo mle ndani, mdomo wazi. Hapo ndipo nilipolia. Tangu Ijumaa nilikuwa sijatoa chozi.

Zuhura nimempiga picha. Kamera haikuwa na miwani, kwa hiyo kila mrashi ulipokaribia niliifunika kwa kanga nikageuka nyuma, wanawake wakadhani nacheza ngoma yao, wakanipigia vigelegele. Picha zimetoka. Macho kafumbua kwenye zote.

Mama hajui, na sitamwambia. Kila anayekuja kuhani anaonyeshwa zile chemni, kisha anaambiwa habari za kamera. Akijua ataumia, nami siko tayari kuzika tena. Ila kuanzia sasa chemni nazisugua mimi.

Na mwezi ukiandama naenda Dar es Salaam, duka lilelile, na mrashi wako kikapuni. Yule bwana aruke mpaka achoke. Nachukua shaba, kioo kinene, nondo zikae zimenyooka. Hiyo ni ahadi.

Kile kilichosuguliwa nimekiweka. Leo asubuhi nilikiinua jichoni. Nyumba nzima ukungu. Mkekani kulikuwa na mtu ameinama juu ya ungo, uso hauonekani, kanga yako ile ya zambarau. Moyo ulinipasuka, Shangazi. Nikasikia mdomo wangu unauliza, "Nikupatie maji?"

Mama akasema, "Nipatie, mwanangu."

Nilikimbia. Nikayamwaga nusu njiani. Nikarudi, alikuwepo. Akayanywa, akanirudishia kikombe, akauliza kwa nini nahema.

Lala pema, Shangazi yangu. Kikombe nimeshakiosha.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Rukia