Mota ya Baba Mkwe Iliyokataa Umeme wa Tokyo

Kwako Mama Kinue wa ukurasa wa nyuma wa gazeti, salamu kutoka Kamata, hapahapa Tokyo, na naomba uweke chai yako chini kwanza, maana hili langu ni zito, ingawa limeanza kwa ushindi na ushindi wenyewe ni wangu.

Mimi ni Morohashi Katsuji, dereva wa lori la mabomba ya ujenzi, mtu wa makamo, shule niliiaga mapema lakini chuma chochote nikikigusa kinanieleza shida yake, mtaa mzima unajua hilo na asiyejua namwambia. Baba mkwe wangu, Mzee Nishiwaki Tokuzo, alikuwa na karakana yake kule Higashi-Osaka, magharibi mwa nchi, tangu ujana wake, akitoboa vyuma vya watu, hadi mwaka jana alipoteleza akavunjika nyonga, akalala pale sakafuni mchana kutwa bila mtu, kwa sababu shemeji yangu anayeishi ghorofani juu ya karakana hurudi kutoka kazini jioni. Mke wangu Sumie aliposikia alipanda treni, na mzee alipotoka hospitali akamleta kwetu, na alichokuja nacho mzee ni begi la nguo na drili yake ya kusimama, ile mashine ndefu ya kutobolea chuma yenye mota mgongoni, kongwe kuliko mimi, ambayo paa lilikuwa limeivujia kimbunga baada ya kimbunga. Shemeji alitaka kuiuza kama chuma chakavu, kwa kilo. Mzee akamwambia, “Basi nipime na mimi.” Ikaja.

Ikakaa gereji, na yeye akakaa dirishani. Hasemi, hali. Sumie anampikia udon, zile tambi nene za mchuzi, mzee anautazama mchuzi wetu mweusi wa Tokyo kama mtu aliyeletewa maji ya kufulia, anasukuma bakuli, na mke wangu anakwenda kulia jikoni. Nikasema, mimi Katsuji niliyewahi kuwasha lori lililozama baharini kwa waya wa kuanikia nguo, mashine hii nitaifufua, na ikiamka itamwamsha na mwenyewe.

Mama, kutu ile usiombe uione. Niliikwangua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, vumbi jekundu likatanda hadi jirani akaanua magodoro yake mbio akidhani ni lile vumbi la majangwa ya Uchina limewahi mwaka huu. Mhimili ulikuwa umegandana na puli, nikaubembeleza kwa moto na nyundo kwa muda ambao mtu mwingine angezaa na kusomesha. Mota nilipoifungua nikakuta kiota cha panya, tena panya wa heshima zake, ametandika gazeti. Lakini nyaya za shaba zilikuwa nzima! Nikazikausha chini ya meza yetu ya joto, ile yenye hita na blanketi, pamoja na miguu ya Sumie, nikazipaka vanishi, nikaweka beringi mpya na mkanda mpya, nikaipaka rangi yake ileile ya kijani. Na kwa kuwa nyumba yetu haina umeme wa fezi tatu unaotakiwa na mota ile, nikanunua kile kisanduku cha kugeuza umeme, chenye kitufe cha kuzungusha ili uchague umeme upige mara ngapi kwa sekunde. Sasa wewe unajua kama mimi kwamba nchi hii ina umeme wa namna mbili, huku mashariki unapiga hamsini na kule magharibi sitini, na mimi, mtoto wa Tokyo, nikaweka hamsini. Hapa si Tokyo? Ungeweka nini?

Nikaiwasha mbele ya mzee, ikazunguka, nikainua mikono kama bondia. Mzee akatega sikio.

“Siyo yeye.”

“Siyo yeye nani, Baba? Si hii inazunguka?”

“Hata gogo mtoni huzunguka. Sauti iko chini, na mgongo unachemka. Umefufua mtu mwingine, kijana wa Tokyo.”

Kijana! Mimi, mwenye kipara hiki.

Nikabadilisha beringi tena, nikakaza, nikalegeza, mota inaguna tu na kupata joto la kukaangia yai, na mimi nimeshawatangazia wanaume wote wa bafu la umma la mtaa waje kuiona. Halafu siku moja tuko mezani, Sumie kampa mzee udon, mzee kausukuma, Sumie akafoka, “Baba, mchuzi huohuo Tokyo nzima inakunywa!” na mzee akamjibu, “Inywe tu. Tumbo langu ni la Osaka.” Mama Kinue, tambi zilinitoka puani.

“Na mota!” nikapiga kelele.

“Mota imefanya nini tena?” Sumie akauliza.

“Nayo ni ya Osaka! Nimeinywesha mchuzi wa Tokyo!”

Nikakimbia gereji na soksi. Kile kisanduku hakijali kiko mji gani, kinatoa unachokiomba, na mimi nilikiomba cha kwetu kwa mazoea tu. Nikazungusha hadi sitini. Sauti ikapanda, ikanyooka, ikawa safi kama upepo kwenye waya, na nyuma yangu nikasikia nyayo. Mzee amekuja bila fimbo! Akachukua kipande cha chuma, akakibana, akashusha mkono wa mashine, na ule unyoya wa chuma kinachotobolewa ukatoka mrefu bila kukatika kama ganda la tunda linalomenywa na mtu mwenye subira. Akajiambia, “Tokuzo, umechelewa kazini.” Kisha akarudi mezani akala udon bakuli mbili, mchuzi uleule mweusi.

Ningeishia hapo ungesema Katsuji kaja kujisifu. Mzee alipiga simu kwao, akasikia kwamba mkokoteni wa tamasha wa mtaa wake, ule mkubwa wa mbao unaokokotwa mbio barabarani kila vuli, unataka vyuma vipya vya magurudumu kabla ya siku yenyewe. Asubuhi yake akasema, “Sumie, nifungie mizigo. Mashine imepona, na mimi nimepona.”

“Si utobolee hapahapa, Baba?”

“Chuma cha gurudumu hupimwa kwenye gurudumu, mwanangu.”

“Ukianguka tena, nani atakuokota?”

“Sakafu ile inanijua.”

Sumie akanigeukia mimi. “Wewe na ufundi wako! Nilikuomba umpe babangu furaha, si umpe nauli!” Na mzee alipokwenda kuoga akaninong'oneza, “Rudisha kile kitufe kwenye hamsini. Ataona imeugua tena, atakaa.”

Mama, nimesimama mbele ya kisanduku kile, kidole kiko hewani. Nikizungusha, mke wangu atapata usingizi, na kazi bora ya maisha yangu nitakuwa nimeinyonga kwa mkono wangu. Nisipozungusha na mzee akaanguka, Sumie hatanisamehe mpaka tunazikwa. Na lori linalotegemewa kumpeleka ni langu. Nifanyeje?

Ni mimi Katsuji, fundi aliyefufua wawili.

*

Katsuji,

Chai ilipoa. Pongezi zako chukua kabisa, maana nikikunyima utaandika tena. Umefanya kazi ya kiume, ingawa medali ya ile mota nampa aliyekubali kukaa nayo miguuni chini ya meza.

Sasa ondoa kidole.

Mtu aliyesikia kosa lako kabla hujashusha mikono, unadhani kosa la pili litampita? Atalijua kabla mkanda haujazunguka vizuri. Na safari hii hatasema kitu. Atarudi dirishani, na atajua ni nani waliomrudisha pale. Mtakuwa mmempoteza akiwa amekaa sebuleni kwenu.

Sumie, najua na wewe unasoma. Hofu yako si ya kipuuzi. Mzazi wako alilala sakafuni hadi jioni. Lakini dawa ya hofu hiyo ni mtu wa kumwokota, si mashine ya kuugua kwa makusudi. Unamkinga asianguke kwa kumnyima kusimama, mama, na hilo si jema.

Fanyeni hivi. Mpigie kaka yako leo: aezeke paa, sakafu iwe kavu, afunge vyuma vya kushikia ukutani. Chama cha tamasha kinataka magurudumu? Basi kitoe mtu mzima wa kushinda naye karakanani kila siku, zamu kwa zamu. Watu wa tamasha hawashindwi kukaa na kupiga soga. Mzee avae kengele ya dharura shingoni, akikataa mwambie hiyo ndiyo nauli. Wewe, Sumie, kaa naye kulekule mpaka tamasha lipite. Baridi ikiingia muulizeni, namaanisha muulizeni, anataka kuwa wapi.

Na wewe Katsuji, kwa kuwa mikono inakuwasha, funga swichi ya kuzimia mashine pale goti linapofika. Kisanduku chako acha Tokyo, kule umeme wa sitini umo ukutani.

Mezani kwangu kuna rundo la barua za watu ambao wazazi wao hawainuki hata kwa sauti ya mjukuu. Wa kwenu ana oda! Anadai afungiwe mizigo! Hii si shida, ni sherehe iliyobisha hodi mlango usio wake. Pakia. Mzee mbele, Sumie kati yenu, mashine nyuma imefungwa kamba mara mbili, na kwenye kona uende taratibu: mna tamasha la kuwahi.

Mama Kinue