Saa Tano Mpaka Sur

Wete, 6 Februari 2024

Dada Shukriya,

Shikamoo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila roho iko kwenu Ibra, huko Omani, tangu uliponambia Mama hali chakula tena. Mwanangu Tahira kanitazamia kwenye simu. Kutoka uwanja wetu wa Pemba mpaka uwanja wa Sur, wa karibu na kwenu, ni kilomita elfu tatu na kitu, ndege saa tano. Mwambie Mama Alhamisi nakuja.

Mdogo wako,
Kuruthum

Ibra, 12 Februari 2024

Kuruthum mdogo wangu,

Marahaba. Natumai umeamka salama, wewe na wanao. Siku niliyokupigia kukwambia Mama katutoka ulilia tu, hukuuliza kitu. Basi nakuandikia.

Nilimsomea ujumbe wako. Akasema, "Saa tano? Basi nivisheni mapema." Alitaka kanga, abaya hakuitaka. Alhamisi asubuhi mwanangu Firas akaenda Sur kukupokea. Akakuta geti limefungwa, na mlinzi akamwambia ndege za abiria haziji pale. Akanipigia: "Labda Khalti Kuruthum kasema saa tano ya huku Uarabuni, kumi na moja yenu ya alasiri." Akakaa garini mpaka alasiri ikapita. Simu yako ilikuwa haipatikani.

Huku Mama tumemwegemeza kwenye mito, macho mlangoni. Nilipomwambia Firas anarudi peke yake, alicheka. "Nyinyi mmekaa Uarabuni mmesahau kusoma saa. Kuna saa tano ya usiku." Akanywa uji kikombe kizima, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. Akauliza kama bado unakula ukoko kabla ya wali. Usingizi ukamchukua mapema, na Ijumaa alfajiri hakuamka. Tulimzika baada ya sala.

Nambie, ndege ilikuwaje?

Dada yako,
Shukriya

Wete, 20 Machi 2024

Dada Shukriya,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nisamehe kwa kunyamaza. Natumai mgongo wako umepoa, na Firas hajambo.

Ndege haikuwepo, Dada. Tahira alipima tu, uwanja kwa uwanja, na simu ikajibu ndege ingeruka saa tano. Mimi nilidhani kinachopimika kipo. Jumatano nilikwenda uwanjani na begi langu. Kijana wa tiketi akaniuliza, "Bibi, Sur ndiyo wapi?" Wenzake wakaja kutazama. Niliona haya kukwambia. Alhamisi nikapanda boti ya Unguja nitafute njia ya Dar na Maskati, simu imekwisha chaji. Habari ikanikuta huko.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nilijua Mama alikaa kunisubiri, nikasema kafa akiniona muongo. Barua yako nimeisoma na Tahira, halafu peke yangu. Pale Mama anaposema kuna saa tano ya usiku nilimsikia sauti yake hasa, ile ya kunifokea huku anacheka. Kumbe hakuacha kunitazamia. Alilala nikiwa bado njiani.

Nilipokuwa mdogo nikichelewa kurudi kutoka chuo cha Kurani, mlango haukufungwa. Alikuwa akisema, "Mtoto hajaingia."

Sitakudanganya tena kwa siku wala saa. Nitakuja Mungu akinipa, kwa njia ndefu kama watu wote. Mpaka hapo, unapomwombea Mama, nitaje na mimi.

Mdogo wako,
Kuruthum