Jina la Baba kwenye Fomu ya Forodha

Alhamisi, 5 Agosti 1971

Nimepita! Mtihani wa forodha, saa tatu nzima – ushuru, maghala, makosa na adhabu zake – nimepita! Bwana Orina, wakala wa forodha ninayemfanyia kazi hapa Kericho, amenishika mkono mpaka ukauma. Macho yake yamekwisha, anastaafu Desemba. Nisipopata leseni yangu, ofisi inafungwa na mimi narudi kuchuna majani ya chai. Imebaki fomu tu, na mdhamini mwenye hati ya shamba. Baba ameshakubali, shamba letu la Sosiot. Fomu nimeijaza kabla ya chai ya saa nne. Rahisi!

Jumanne, 10 Agosti

Fomu imerudi! Mstari mwekundu chini ya jina la baba. Chepngeno. Pembeni wameandika: hili ni jina la mwanamke, sahihisha.

Nimeduwaa. Sikuwaza hata kidogo! Niliandika vile ninavyoandika jina langu, Kipkosgei. Chepngeno ni mwanamke kweli, lakini kwa mila yetu ndiye aliyemwoa mama. Mumewe, mzee Kipkoech, alifariki bila kumwachia mtoto, basi yeye akatoa ng'ombe, akamleta mama nyumbani amzalie, nikazaliwa mimi. Tangu nijue kusema namwita Baba. Sosiot nzima inajua. Nani angefikiri forodha hawajui?

Bwana Orina alicheka, kisha akaacha. Hata kwetu Kisii mila hiyo iko, akasema, lakini serikali haiitambui. Andika mwanaume yeyote, umalize.

Jumatano, 11 Agosti

Nimejaza fomu mpya, nimeandika Kipkoech. Imekwenda na posta ya mchana, pamoja na ile ya kwanza.

Baba sijamwambia. Hajui kusoma. Nimuudhi bure kwa nini?

Jumatatu, 16 Agosti

Barua kutoka ofisi ya forodha, Kisumu! Mdhamini afike mwenyewe, na hati yake, keshokutwa. Nilidhani alama ya kidole chake inatosha! Baba naye anafurahi kama anaitwa harusini. Ametoa koti la kanisani, mama yangu, Tecla, ameshona kifungo kilichokuwa kimepotea tangu Pasaka. Sikuweza kula.

Jumatano, 18 Agosti. Kisumu

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa afisa.

Afisa ni mtu mpole. Alimwuliza Baba kwa Kiswahili: Mama, huyu kijana ni nani wako?

Mungu wangu! Baba alisimama wima. "Mimi si mama yake. Mama yake iko nyumbani, anachuna majani. Mimi ndio baba yake. Ng'ombe nilitoa sita, wazee wakiona."

Afisa hakucheka. Akauliza, na Kipkoech ni nani?

"Huyo alikuwa bwana yangu. Alikufa mbele ya vita ya Hitler."

Na huyu amezaliwa lini?

"Vita ikiisha."

Miaka saba kati ya kufa kwake na kuzaliwa kwangu! Mimi, wa hesabu za ushuru, sikuhesabu hata hiyo.

Afisa akalaza fomu zangu mbili mezani, moja kando ya nyingine. Akanigeukia, akaingia Kiingereza. Mmoja wenu ameidanganya ofisi hii, akasema. Ikiwa ni huyu mama, tafuta mdhamini mwingine, leseni utapata. Ikiwa ni wewe, leseni hupati, na adhabu unaijua, uliijibu vizuri kwenye mtihani. Toka nje, urudi na jibu moja.

Angenitukana ningeelewa. Lakini hivi! Neno moja tu, kwamba ni yeye, naye hajui Kiingereza, hatasikia hata nikilisema mbele yake.

Baba amekaa karibu yangu, vifungo vyote vimefungwa. Amefungua kitambaa, amenigawia hindi la kuchemsha, anataka nile kwanza. Ameniuliza mara mbili sasa, yule mkubwa alikuwa anasema nini na Kiingereza?

Nimemwambia, ngoja, Baba. Namalizia kuandika.