Aibu ya Baba Yako

Isevya, Tabora
3 Machi 1975

Mwanangu Humaidi,

Marahaba. Shangazi yako Tufaha amepona homa, na jamaa zetu wa Kwihara wamehamishiwa kijiji cha ujamaa.

Damu aliyokuwa akiitoa marehemu baba yako haikuwa ya bawasiri. Daktari aliyemwona mwishoni, maji yamekwisha kumfika shingoni, alisema vinyama huota ndani ya utumbo mpana bila kuuma. Vikionekana mapema hukatwa, vikiachwa miaka mingi huweza kuwa saratani. Akataka nyinyi wana wa marehemu mchunguzwe, maana ugonjwa huu huweza kurithiwa. Nawe unaniandikia, "Ami, naona haya kuingizwa bomba." Baba yako naye alikataa alipoanza kutoa damu: "Hilali, mimi sivuliwi nguo na mtu!" Siku ya mazishi tulimvua sisi waoshaji. Nilipolibonyeza tumbo lake, damu ilikuwa bado inatoka.

Nenda hospitali huko Dar es Salaam wiki hii.

Ami yako,
Hilali