Simu ya Ambwene na Mto Uliojaa Jua Likiwaka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tukuyu, tarehe 9/4/2025, saa 4:05 asubuhi

Jina: Hajira Yussuph
Umri: Miaka 48
Dini: Mwislamu
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Kuuza karoti na viazi sokoni
Makazi: Msasani, Tukuyu

Nimeapa kwa dini yangu kusema kweli. Yamo maneno humu yatakayoniaibisha, lakini wewe afande andika tu.

Mnamo tarehe 8/4/2025, siku ya Jumanne, saa 6:00 mchana, nilikuwa mtoni chini ya Isongole na mwenzangu Tusekile, tukiosha karoti. Tunazitia kwenye kiroba, tunazikanyaga ndani ya maji mpaka udongo utoke. Ambwene, dereva wa bodaboda anayetubebea mizigo, alitushusha pale akarudi juu Isongole kufuata viroba viwili vilivyobaki.

Saa 7:00 hivi niliswali Adhuhuri kando ya mto. Jua lilikuwa kali. Mlima unakotoka mto hatukuuona, migomba ilikuwa imeuziba. Nilipomaliza Tusekile akanitania, "Mama Sabrina, na mimi umeniombea wateja?" Nikamjibu, "Wewe kaombewe na mchungaji wako, huku foleni ndefu." Tukacheka.

Saa 8:20 Ambwene alinipigia simu. Alisema, "Mama Sabrina, huku mvua ya mawe, mashamba yote meupe. Maji yanashuka huko kwenu. Tokeni mtoni, wewe na mama Tusekile."

Nilimsikia vizuri. Sasa afande, lazima ujue kwamba Ambwene pia ni dalali wa wakulima wa kule. Msimu huu kila akitaka tukubali bei haraka hupiga simu kwamba mvua imeanza, barabara inakatika. Mara tatu nimekubali, na mara tatu hata tone sikuliona. Nikamwambia, "Leo hunipati," nikakata.

Tusekile akauliza, "Anasemaje?" Nikamjibu, "Anataka tupandishe bei." Basi. Habari ya maji sikumwambia. Simu yake aliiacha nyumbani inachaji, kwa hiyo hakuwa na pengine pa kuisikia.

Kama dakika kumi baadaye maji yalianza kuniuma miguu kwa baridi. Yakageuka rangi ya chai ya maziwa, vikaja vipande vyeupe, vikubwa kama punje za mahindi. Nikaokota kimoja. Barafu. Kichwani jua, mkavu kabisa, na mkononi nimeshika barafu. Nikakionja. Hata leo najiuliza kilisafirije mbali vile bila kuyeyuka, Mungu ndiye anajua. Nilikuwa nashangaa kama mtoto, nikamwita Tusekile aje aone.

Yeye alikuwa ng'ambo, kwenye jiwe. Akasema, "Wewe nawe, barafu ya wapi na jua hili!" Akaanza kuvuka kuja kwangu. Alipofika katikati nikasikia ngurumo kama lori linamwaga mawe. Nikapiga kelele atoke. Maji yalimpiga kiunoni, akaanguka, akaondoka nayo.

Nilikimbia ukingoni nikiita watu. Tulimkuta kama mita sitini chini, amenaswa kwenye mti ulioanguka. Wakulima wawili walimtoa kwa kamba. Mguu umevunjika na kichwani ana jeraha. Yupo hospitali, na mpaka naondoka pale asubuhi hii alikuwa hajasema neno.

Kaka yake, Lazaro, anadai Ambwene alijua mto unajaa, akanipigia mimi ili nijiokoe peke yangu, akamwacha dada yake afe. Ndiyo sababu Ambwene yuko mahabusu tangu jana jioni, na vijana wa kina Lazaro wanasema akitoka watamchomea pikipiki. Simu yangu hii hapa, inaonyesha alinipigia saa 8:20. Haionyeshi alisema nini. Hilo tunalijua watu wawili tu, na yeye hamumwamini. Alisema tutoke sote wawili. Mtu ambaye hakumwambia Tusekile ni mimi, na aliyemwita katikati ya mto ni mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Naomba jambo moja: Lazaro amekaa nje kwenye benchi. Nataka ayasikie kutoka kwangu kabla hajasomewa na nyinyi.

Sahihi: H. Yussuph

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Anyosisye. Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi, ametia sahihi mbele yangu. Ombi lake limekubaliwa. Ametoka saa 5:10 asubuhi. Saa 5:40 Lazaro ameingia peke yake, akauliza afanye nini ili Ambwene aachiwe.