Mashine Iliyokataa Kufuata

Kwako kitinda mimba wetu,

Huku wazima. Shemeji yako anakusalimu, bado anacheka ninavyokoroma. Mama mguu umepata nafuu, ila kila mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe.

Mdogo wangu, siku ile ya harusi ya dada, kinanda chako hakikuwa kibovu. Ulikuwa umekipangia nyimbo zijipige zenyewe, ukaniambia, "Kaka, weka mashine yako ya ngoma ifuate mwendo wa kinanda, waya nimeshachomeka." Nikaitikia, lakini sikuweka. Nilijiambia mkubwa hafuati mdogo. Basi kila kimoja kikaenda na mwendo wake, ngoma zikakiacha kinanda, watu wakazomea. Nami nikashika maiki nikasema, "Msameheni dogo, bado anajifunza." Ukachomoa waya ukaondoka, na hujapiga muziki tena.

Jana niliiweka ile mashine ifuate kinanda. Sasa nikibonyeza haitoi hata mdundo mmoja, taa inamemeta tu, inasubiri kinanda kianze. Nimeiacha hivyo hivyo mezani. Njoo uanze wewe.

Ni mimi kaka yako, niliyekuaibisha.