Vidole vya Mdakaji

Jumatatu, 7 Juni 1886

Leo, kwenye besiboli, nimeupiga mpira kwa gongo mpaka baharini! Si karibu na bahari — baharini. Umepita juu ya vibanda vya kuogea, ukatumbukia majini, wageni wa hoteli wakapiga mayowe. Sisi wahudumu wa mezani tumepata pointi kumi na moja, wapishi tisa. Enos, mtupaji wetu, katupa leo kama ana ugomvi na mtu. Mipira yake inatua kiganjani kama kaa la moto, na mdakaji kama mimi hana kinga ila ngozi yake. Yangu imeanza kulalamika.

Chakula cha jioni — balaa. Vidole vimevimba, bakuli likaniponyoka, supu ya kasa yote mapajani mwa jaji mmoja wa Newark. Nikajua nimekwisha. Jaji akajifuta, akanitazama, akauliza kama ni mimi niliyeupoteza ule mpira. Ndiyo, bwana. Akacheka mpaka akapaliwa! Mzee Pettiford, mkuu wetu wa wahudumu, hakucheka. Kasema mikono ya mhudumu ni mali ya hoteli. Nichague: sinia au mpira.

Alhamisi, 10 Juni

Kaja mtu kutoka Philadelphia. Bwana Larkin — kinyozi, mweusi kama sisi, viatu unaweza kujitazamia. Anaunda timu ya watu weusi, ya kulipwa. Kulipwa! Kila wiki, kucheza tu, bila kubeba hata kijiko. Enos kamuuliza kama amelewa. Kasema hanywi, ni Mmethodisti.

Nikakimbilia chumba cha dobi kumwambia mchumba wangu Zenobia. Alikuwa anapiga pasi mashuka, hakuinua hata macho.

"Yaani mwanamume mzima atalipwa kukimbia mduara na kurudi pale pale alipotoka?"

Ndiyo.

"Na tukishaoana, nikiulizwa mume wangu kazi yake nini?"

Sema anadaka.

"Anadaka nini, kuku?"

Wasichana wote wa dobi wakavunjika mbavu. Na mimi pia — ningefanyaje?

Ijumaa, 11 Juni

Nimetia saini, na Enos pia! Jina limepinda kama mguu wa bata. Mzee Pettiford kasema nitarudi kabla majani hayajaanguka, lakini nafasi yangu haitaningoja. Kisha kanipa mkono. Hakuuachia upesi.

Jumamosi, 26 Juni. Trenton

Siku kumi na mbili, michezo tisa, tumeshinda minane. Nani angeamini? Jana nilimnasa mkimbiaji aliyetaka kuiba kituo cha pili kabla mpira haujapigwa — nikarusha nimepiga goti, mpira ukamtangulia kwa hatua tatu, jamaa akasimama katikati ya njia anatazama huku na huku kama aliyesahau mwavuli. Uwanja mzima ukasimama. "Debrow! Debrow!" Jina la babangu, midomoni mwa watu elfu mbili! Alilichagua mwenyewe siku alipotoka utumwani. Laiti angekuwepo.

Gazeti limeniandika "Dubrow." Nimenunua nakala nne hata hivyo.

Jumanne, 29 Juni

Kidole kidogo cha mkono wa kulia kimevunjika. Bwana Larkin kakifunga kwa kijiti na uzi. Tumeshinda 7–1. Nina furaha kama mwehu.

Jumamosi, 3 Julai

Zenobia kaja! Kwa treni, na shangazi yake, na kofia mpya. Nilimkuta amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kudai. Hadi raundi ya tatu, kimya. Ya nne mwamuzi akanitoa kimakosa, eti nimenaswa — nilikuwa nimeshafika kituoni, kila mwenye macho aliona! — ghafla nikasikia sauti naijua:

"We mwamuzi! Hayo macho umeazima? Mrudishie mwenyewe, anayahitaji!"

Shangazi akamvuta sketi. Hakukaa. Hadi mwisho hakukaa!

Baadaye kanishika mkono, kahesabu vidole vilivyopinda. Vitatu. Kavigusa kimoja kimoja. Kisha: "Pete itapita kweli?" Nikamwambia hicho cha pete bado kizima. Kasema basi nikitunze hicho, vingine shauri yangu.

Jumatatu, 5 Julai

Naandika benchini, uwanjani. Tulitakiwa kuanza saa nane. Sasa ni saa tisa kasoro.

Leo tunapambana na timu ya ligi kuu, wazungu tu, wanaosemwa hawafungiki. Watu wamejaa mpaka juu ya ua. Bendi imeshamaliza nyimbo zake, imeanza upya. Na wao hawatoki kibandani. Nahodha wao kamwambia Bwana Larkin hawakuambiwa ni timu ya aina gani. Aina gani! Bwana Larkin kamjibu taratibu: aina inayoshinda, bwana. Nimecheka kwa sauti. Tumecheka sote tisa, wamesikia.

Sasa hivi mdakaji wao kavuka uwanja peke yake. Mtu mkubwa, Mwairishi, Garrity. Nilisimama — nilidhani ni ugomvi. Kaweka mkono wake kando ya wangu. Vidole vyake! Vimekwenda kila upande, kama mizizi ya tangawizi.

"Nani anakutupia wewe?"

Nikamwonyesha Enos. Kamtazama juu mpaka chini.

"Ana kasi?"

Njoo ushike gongo, nikamwambia, utajua mwenyewe. Katabasamu nusu, karudi kwao. Wanabishana huko. Nahodha anatikisa kichwa, anaonyesha lango, farasi wa gari lao wameshafungwa tayari kuondoka.

Watu wanapiga miguu, mbao zote zinanguruma. Zenobia naye yupo leo, kasimama juu ya kiti.

Enos ananiita. Anasema twende katikati tukarushiane, wakitaka kuondoka waondoke huku wanauona mpira hewani. Naenda. Ngoja kwanza, niandike hili —

Garrity kavua koti. Nahodha anamsemesha sikioni. Garrity anakunja mikono ya shati, mmoja — kasimama, anamsikiliza — anaukunja wa pili, anachukua gongo —